Zimamoto na Mbano wa Bajeti: Nani Abebe Mzigo?

Katika darasa moja la makada, tulipokuwa tukijadili makisio ya mapato na matumizi ya halmashauri, ndugu mmoja alisimama akauliza: "Ndugu Mkufunzi, kama fedha za zimamoto hazitoshi, na nyumba ya mwananchi ikateketea, kosa ni la nani?" Wengine walijibu upesi kwamba kosa ni la umaskini wetu. Wengine wakasema ni la Serikali. Mmoja akasema ni la mwenye nyumba, aliyeacha jiko likiwaka. Kengele ililia kabla hatujafikia jibu. Makala hii ni jaribio la kumjibu ndugu yule, na kuwasaidia makada wengine ambao bila shaka wataulizwa swali hilo hilo mitaani, siku ambayo moshi bado unafuka na wananchi wana hasira.

Msimamo wetu ni huu. Bajeti ndogo haichagui yenyewe kitu cha kukatwa. Watu ndio wanaochagua. Na kila panapokatwa kitu, pana watu wanaoumia na pana watu ambao hawaguswi. Kwa hiyo kubana matumizi ya zimamoto si suala la uhasibu peke yake. Ni suala la siasa, na kada asiyeweza kulichambua atabaki kutoa pole na ahadi.

1. Moto wa nani huzimwa kwanza?

Tuanze na historia, kwa sababu huduma ya zimamoto haikuteremka kutoka mbinguni. Katika Roma ya kale, tajiri mmoja aliyeitwa Crassus alijulikana kwa kununua nyumba zilizokuwa zikiungua, pamoja na nyumba za jirani ambazo wenyewe waliogopa kwamba zingefuata. Alizinunua kwa bei ya kutupa. Hapo moto ulikuwa soko, na hofu ya mtu ilikuwa faida ya mwingine.

Baada ya moto mkubwa wa London wa mwaka 1666, makampuni ya bima yalianza kuunda vikosi vyao vya kuzima moto. Nyumba iliyokatiwa bima ilipigiliwa ukutani kibati chenye alama ya kampuni. Lengo la vikosi hivyo lilikuwa kuokoa fedha za kampuni zao. Mwaka 1833 makampuni hayo yaliunganisha vikosi vyao. Lakini mwaka 1861 ukatokea moto mkubwa wa maghala katika mtaa wa Tooley, kando ya mto Thames, na hasara ikawa kubwa mno. Ndipo makampuni yalipoiomba Serikali ichukue mzigo huo, na kufikia mwaka 1866 London ilikuwa na kikosi cha umma kinachoendeshwa kwa fedha za umma.

Mafunzo ya historia hii ni mawili. Kwanza, penye faida ulinzi hupatikana, na pasipo na faida mtu huachwa na moto wake. Pili, hasara ilipozidi uwezo wa wenye mitaji, mzigo ulihamishiwa kwa umma. Na mzigo ukishakuwa wa umma, swali linalobaki ni moja: umma upi unalindwa, na umma upi unalipa?

Mkoloni naye aliigawa miji yetu. Mpaka leo Dodoma ina mitaa iitwayo Uzunguni na Uhindini, na majina hayo ni ushahidi tosha. Mabomba ya maji, barabara za lami na taa za njiani vilianzia huko. Makazi ya Waafrika yalibaki na nyumba zilizobanana, njia nyembamba na kisima cha mbali. Tulipopata Uhuru tulirithi mji ambao moto wa maskini ulikuwa mgumu kuzimika kuliko moto wa tajiri, kwa sababu tu ya ramani.

2. Tulikosea wapi sisi wenyewe?

Kada hana budi kujikosoa kabla ya kuwakosoa wengine. Mwaka 1972 tulianzisha utaratibu wa Madaraka Mikoani. Nia ilikuwa njema: kupeleka wataalamu na maamuzi karibu na wakulima vijijini. Lakini katika utaratibu ule halmashauri za wilaya zilifutwa, na baada yake halmashauri za miji nazo zikafutwa. Huduma za mji, yaani mifereji, taka, barabara, maji na zimamoto, zikapoteza mwenyewe. Ofisi ya mkoa ilikuwa na mambo mengi, na gari bovu la zimamoto halikuwa la kwanza kwenye orodha. Baada ya miaka michache miji ilikuwa imechakaa. Kipindupindu cha miaka ya 1970 kiliwafungua watu macho. Mwaka 1978 ilitungwa sheria ya kurudisha halmashauri za miji, mwaka 1982 zikapitishwa sheria mpya za Serikali za Mitaa, na mwaka 1984 mfumo huo ukaanza kazi. Mwaka huo huo Mwalimu Nyerere alikiri hadharani kwamba kufuta Serikali za Mitaa lilikuwa moja ya makosa ambayo asingeyarudia.

Halmashauri zilirudi, lakini zilirudi katika wakati wa dhiki. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda mara mbili katika miaka ya 1970. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikuwa vimekula hazina. Fedha za kigeni hazikuwapo, na gari la zimamoto lenyewe, pampu yake na hata mpira wake hutoka nje. Sheria ya Huduma za Zimamoto ilipitishwa mwaka 1985. Mwaka uliofuata nchi ikaingia katika Mpango wa Kufufua Uchumi kwa makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa, na kubana matumizi ya Serikali kukawa sharti. Hivyo sheria iliyoagiza huduma ipanuke ilifuatiwa mara moja na sera iliyoagiza matumizi yapungue. Chanzo kimoja cha mapato ya halmashauri, yaani kodi ya maendeleo, kilifutwa mwaka 2003. Wananchi walifurahi, na walikuwa na haki kufurahi, maana kodi ile ilikusanywa kwa kero. Lakini halmashauri iliyokuwa ikinunua betri ya gari la zimamoto kwa mapato yake ililazimika kutafuta betri hiyo mahali pengine.

Mwaka 2007 ilipitishwa sheria iliyounda Jeshi la Zimamoto na Uokoaji chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, na huduma ikaondolewa mikononi mwa halmashauri. Jambo hili lilikuwa na manufaa. Halmashauri tajiri ilikuwa na magari na halmashauri maskini haikuwa na hata ndoo. Kuwa na jeshi moja, mafunzo mamoja, amri moja na fungu moja la bajeti ni hatua ya kuelekea usawa.

Lakini kila suluhisho huzaa mgongano wake. Gari la zimamoto sasa ni la Jeshi. Kibali cha ujenzi ni cha halmashauri. Maji na mabomba ni ya mamlaka ya maji. Nyaya ni za shirika la umeme. Moto hauitambui mipaka hii. Bajeti inapobanwa, kila chombo huhifadhi kwanza kile kinachohesabiwa kuwa kazi yake, na kile kilicho kati ya vyombo viwili huachwa. Mfano mzuri wa kitu kilicho kati ya vyombo viwili ni bomba la zimamoto.

3. Hesabu ya dakika sita

Bomba la zimamoto ni lile bomba fupi la kando ya barabara ambalo askari huchomekea mpira ili kupata maji ya mtandao wa mji. Wengi wetu tunalipita bila kulijua. Hebu tufanye hesabu rahisi ili tuone thamani yake.

Tuseme gari limebeba lita 5,000 za maji. Tuseme askari wametandaza mipira miwili, na kila mmoja unatoa lita 400 kwa dakika. Kila dakika zinakwenda lita 800. Gawa 5,000 kwa 800: gari limekauka baada ya dakika 6 na robo. Kama bomba lipo karibu na lina maji, kazi inaendelea. Kama halipo, gari litaondoka kwenda kutafuta maji, na moto utaendelea na kazi yake.

Hapa ndipo panapozaliwa lawama maarufu katika miji yetu yote: "Zimamoto wamekuja bila maji." Mara nyingi walikuja na maji. Yalikwisha katika dakika sita, mbele ya macho ya watu, na gari lilipogeuka kwenda kujaza wananchi waliona limekimbia. Kuna mahali askari wamerushiwa mawe kwa sababu hiyo. Huu ni ugomvi wa mnyonge na mnyonge. Askari hakupanga mtandao wa maji, na mwananchi hakuandika bajeti.

Dodoma inalifanya tatizo hili kuwa zito zaidi. Uwanda wa kati hupata mvua ya milimita kati ya 500 na 600 hivi kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Kuanzia Mei nyasi hukauka, na ifikapo Agosti na Septemba upepo huvuma mchana kutwa na vumbi lake. Cheche ndogo husafiri. Wakati huo huo ndipo maji yanapokuwa machache. Mji kwa miaka mingi umetegemea visima vya Mzakwe, na umepitia vipindi vya mgao. Bomba la zimamoto lililounganishwa kwenye mtandao wa mgao lina maji siku ya zamu tu, na moto hausubiri zamu.

Halafu kuna suala la umbali. Mwaka 1973 Chama kiliamua Makao Makuu ya nchi yahamie Dodoma, na kwa miongo kadhaa uamuzi huo ulitekelezwa polepole. Serikali ilipohamia kwa nguvu kuanzia 2016, na Dodoma ilipopewa hadhi ya Jiji mwaka 2018, mji ulikua kwa kasi. Sensa ya 2012 ilihesabu watu zaidi ya 400,000 na sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya 750,000. Mji wa Serikali wa Mtumba uko kilomita 17 hivi kutoka katikati ya mji. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa linahitaji dakika 20 kufika huko. Chumba chenye magodoro, mapazia na samani kinaweza kuwaka chote kwa dakika chache. Basi mji uliotawanyika namna hii ukikosa vituo vya zimamoto kila upande, gari litafika kwa ajili ya kumwagia majivu maji.

4. Njia za kukabili upungufu, na mizani ya kuzipima

Idara za zimamoto duniani, zinapokatiwa fedha, huchagua miongoni mwa njia chache. Tuzipime moja moja kwa swali letu: mzigo unamwangukia nani?

(a) Kufunga vituo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 jiji la New York lilikuwa likielekea kufilisika. Wataalamu wa taasisi ya RAND walitengeneza hesabu ya kuonyesha vituo gani vifungwe, na kipimo chao kikuu kilikuwa muda wa gari kufika. Vikosi kadhaa vilivyofungwa vilikuwa katika mitaa ya maskini, kama kusini mwa Bronx, ambako ndiko moto ulikokuwa mwingi kuliko kwingine. Mitaa mizima iligeuka magofu. London nayo ilifunga vituo 10 kwa siku moja, tarehe 9 Januari 2014, kwa jina hilo hilo la kubana matumizi. Huwezi kusema wataalamu hawa hawakujua kuhesabu. Walijua. Lakini hesabu ilianza na sharti kwamba fedha lazima zipungue, kisha ikatafuta mahali ambapo kelele itakuwa ndogo. Kelele ya maskini daima huonekana ndogo.

(b) Kuahirisha matengenezo. Hii ndiyo njia inayotumika sana katika nchi zetu, kwa sababu haihitaji tangazo. Kituo hakifungwi. Askari wapo na mishahara inalipwa. Lakini tairi haibadilishwi, pampu inavuja, mpira umetoboka, mafuta ya gari yamepimwa kwa kibaba. Kwenye vitabu kituo kipo, na siku ya moto hakipo. Tunaiita njia hii kufunga kituo kwa siri. Ni mbaya kuliko ya kwanza, kwa kuwa inamnyima mwananchi hata nafasi ya kupinga.

(c) Kutoza ada. Sheria yetu inaruhusu ada za ukaguzi na vyeti vya usalama wa moto. Si kosa kwa hoteli au kituo cha mafuta kuchangia. Lakini ukaguzi ukigeuka chanzo cha mapato, tabia yake hubadilika. Mkaguzi atakwenda mara nyingi panapolipika, na hatakwenda penye vibanda vya mbao, mabweni ya shule na vyumba vya kupanga, ambako hatari ni kubwa na malipo hakuna. Mfanyabiashara naye humwona mkaguzi kama mtoza ushuru, akalipa risiti badala ya kurekebisha nyaya. Ukaguzi ukishakuwa biashara, usalama umekwisha kuuzwa.

Tuongeze hapa kwamba mwananchi wa kawaida tayari analipa. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia umeme anaonunua. Mama mwenye nyumba ya vyumba viwili pembezoni mwa mji analipia jengo lake. Ana haki ya kuuliza ni sehemu gani ya fedha hiyo inayorudi kulilinda.

(d) Misaada, mitumba na mikopo. Gari la msaada kutoka mji fulani wa nje hupokewa kwa ngoma. Baada ya mwaka mmoja kipuri chake hakipatikani, na fundi anayelijua yuko ng'ambo ya bahari. Mikopo nayo ina mitego yake. Tarehe 23 Januari 2020 Rais Magufuli alimwondoa Waziri wa Mambo ya Ndani pamoja na Kamishna Jenerali wa Zimamoto, kwa sababu ya mkataba wa zaidi ya Euro milioni 400 na kampuni ya Romania kuhusu vifaa vya zimamoto, mkataba ambao alieleza kuwa haukupitishwa na Bunge. Wapo waliosema kwamba Jeshi lina shida na kwa hiyo utaratibu ulegezwe. Hoja hii haina msingi. Mwenye shida ndiye hasa anayepaswa kusoma mkataba mara mbili, maana deni litalipwa na wakulima na wafanyakazi ambao hawakuwa chumbani wakati wa kutia saini.

(e) Kujitolea kwa wananchi. Njia hii inapendwa sana na wasemaji wa majukwaani. Hatuipingi, lakini ielezwe kwa ukamilifu. Ujerumani, nchi tajiri yenye viwanda, inategemea wazimamoto wa kujitolea karibu milioni moja. Wengi wa walinzi wa moto wa nchi ile ni mafundi, wakulima na walimu. Lakini jambo ambalo halitajwi ni kwamba sheria inazilazimisha halmashauri zao kujenga kituo, kununua gari, kuwavisha na kuwafundisha watu hao. Mtu anajitolea muda wake na ushujaa wake. Hajitolei pampu.

(f) Kinga. Moto ulio rahisi kuliko yote ni ule ambao haukuwaka. Njia hii ndiyo pekee ambayo mzigo wake unaweza kugawanywa kwa haki, na ndiyo inayokatwa mwanzo, kwa sababu matunda yake hayaonekani. Hakuna anayepiga picha soko ambalo halikuungua. Soko Kuu la Kariakoo liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021, na kulijenga upya kulihitaji mabilioni ya shilingi, mbali na mitaji ya wafanyabiashara iliyoteketea. Fedha hizo zilipatikana. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta siku zote hupata fungu.

5. Kujitegemea si kisingizio

Tufike kwenye kiini cha jambo. Mtu anaweza kusoma sehemu ya (f) akasema: "Vema, basi tuwafundishe wananchi kujikinga, na bajeti ibaki ilivyo." Huku ni kuigeuza siasa ya kujitegemea kuwa mlango wa kutorokea. Kujitegemea maana yake ni umma kutumia nguvu zake na vyombo vyake, na Serikali ni chombo kimojawapo cha umma. Serikali ikijitoa, umma haujitegemei, umetelekezwa.

Mababu wa Wagogo wanatufundisha hapa. Tembe lao lina paa bapa la udongo uliotandazwa juu ya miti. Cheche ya jirani ikidondoka juu ya udongo huo haiwashi kitu, wakati paa la nyasi hushika mara moja. Hiyo ni kinga isiyohitaji fedha za kigeni, iliyobuniwa na watu walioujua upepo wa Agosti na uhaba wa maji. Wenzetu wa vijijini wanajua pia kufyeka njia za kuzuia moto kabla kiangazi hakijakolea. Kijiji kilicho kilomita 100 kutoka kituo cha karibu hakina gari la kusubiri. Kinga ndiyo zimamoto yake.

Lakini tembe halikuzuia hatari za leo: nyaya zilizounganishwa kiholela, soketi moja inayobeba vifaa sita, petroli inayouzwa kwa chupa, na sasa mtungi wa gesi. Mkakati wa Taifa wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi. Ni mkakati mzuri kwa misitu na kwa mapafu ya akina mama. Hata hivyo, anayegawa mtungi bila kufundisha namna ya kukagua mpira wake na kuzima valvu amefanya nusu ya kazi, na nusu iliyobaki itafanywa na zimamoto. Tukumbuke Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019. Zaidi ya watu 100 walipoteza maisha baada ya lori la mafuta kupinduka na watu kukimbilia kuchota. Wingi wa magari ya zimamoto usingewaokoa watu waliosimama ndani ya petroli. Umaskini uliwapeleka pale, na elimu haikufika kabla yao.

6. Kazi ya kada

Baada ya mjadala wetu wa darasani tuliamua kufanya zoezi. Makada waligawanyika makundi, wakaenda katika mitaa kadhaa ya mji kutafuta mabomba ya zimamoto. Kundi moja lilikuta bomba limefunikwa na meza ya kukaangia viazi. Kundi jingine lilioneshwa mahali na bibi mmoja aliyesema, "Lilikuwa hapa wanangu, chini ya kifusi hicho." Kundi la tatu halikupata lolote.

Tulirudi chuoni tukiwa na hasira na wengine. Ndipo ndugu yule yule aliyeuliza swali la kwanza akaelekeza kidole kwenye mlango wa darasa. Mlango ulikuwa umezuiwa usijifunge kwa mtungi wa kuzimia moto. Tuligeuza kadi yake: tarehe ya ukaguzi ilikuwa imepita kwa miaka minne. Mimi nilikuwa nimeupita mtungi ule kila asubuhi, nikiingia kufundisha uwajibikaji. Sikuwa na la kusema, na nililiambia darasa hivyo. Siku ile ile tuliandika barua ya mtungi, na hatukuondoka ofisini mpaka ikapokewa.

Kutokana na hayo, kada aliye katika tawi, shina au kijiji anaweza kuanza na kazi zifuatazo, na hakuna hata moja inayosubiri bajeti mpya:

(i) Ajue bomba la zimamoto la mtaa wake liko wapi, kama lina maji, na nani anawajibika nalo. Kama limefunikwa, aitishe mkutano lifunuliwe kwa maelewano. Mkaanga viazi naye anatafuta riziki. Atafutiwe nafasi nyingine mita chache kutoka hapo.

(ii) Mabalozi wa mashina wahakikishe kila njia inapitika kwa gari, na kila mwenye nyumba anajua namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

(iii) Mabweni ya shule yakaguliwe na wazazi wenyewe. Katika moto wa Shauritanga, Rombo, mwaka 1994, walikufa wasichana wapatao 40. Dirisha lenye nondo zisizofunguka na mlango mmoja uliofungwa kwa kufuli ni mtego, na kuuondoa kunahitaji fundi wa kuchomelea na uamuzi wa kamati.

(iv) Katika vikao vya bajeti, mwakilishi asiulize tu "magari mangapi?" Aulize fedha ya matengenezo, ya mafuta na ya mafunzo iliyotengwa, kisha aulize kiasi kilichotolewa. Fungu lililopitishwa ni ahadi, na fungu lililotolewa ndilo maji.

(v) Mamlaka ya maji, halmashauri na Jeshi wakae meza moja angalau mara moja kabla ya kiangazi. Barabara mpya isijengwe na mtaa mpya usipimwe bila mahali pa bomba la zimamoto. Kuliweka wakati mtaro uko wazi ni gharama ndogo. Kuchimbua lami baadaye ni kubwa.

7. Hitimisho

Sasa tunaweza kumjibu ndugu yetu. Nyumba ikiungua na fedha hazikutosha, kosa la kwanza haliko kwenye uchache wa fedha. Nchi yetu ni maskini na fedha zitakuwa chache kwa muda mrefu. Kosa liko kwa kila aliyekata mahali pa mnyonge kwa sababu hapana kelele, kwa kila aliyeuita uzembe kujitegemea, na kwa kila kada aliyepita kando ya mtungi mtupu akidhani ni wa ofisi nyingine. Orodha hiyo ni ndefu, na mwandishi wa makala hii yumo ndani yake.

Umaskini unaweza kueleza kwa nini tuna gari moja badala ya matatu. Hauwezi kueleza kwa nini gari hilo moja halina betri, wala kwa nini bomba liko chini ya kifusi. Kiangazi kinarudi kila mwaka, na upepo wa Dodoma hauna itikadi. Tujipange kabla haujaanza kuvuma.

Maswali ya majadiliano

1. Katika wilaya yako, ni huduma gani ya umma "imefungwa kwa siri" kwa kuahirisha matengenezo? Mlijuaje?

2. Je, kuhamisha zimamoto kutoka halmashauri kwenda Serikali Kuu mwaka 2007 kumeongeza au kumepunguza sauti ya wananchi katika huduma hiyo? Toeni hoja za pande zote mbili.

3. Ni wapi pa kuweka mpaka kati ya wajibu wa wananchi kujikinga na wajibu wa Serikali kuwakinga?

4. Kundi lenu litembee katika kata moja kwa saa mbili na kuandika orodha ya mabomba ya zimamoto, njia zisizopitika na majengo yenye mlango mmoja. Orodha hiyo ipelekwe kwa nani, na mtajuaje kwamba imefanyiwa kazi?